Karani, Jina na Nasaba: Historia ya Familia za Kalangalala katika Kumbukumbu na Magazeti ya Zamani



1.0 Utangulizi

Kalangalala ni kata ya mjini Geita. Mji huo umepanuka haraka tangu mgodi mkubwa wa dhahabu uanze uzalishaji mwaka 2000, na wakazi wake ni Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa na watu waliotoka pembe nyingine nyingi za nchi. Familia nyingi za Kisukuma zilizoko huko zina asili ya mashariki zaidi: Shinyanga, Maswa au Kwimba. Baadhi zilihamia Geita katika miaka ya 1940 na 1950, wakati serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwahimiza watu waondoke na mifugo yao katika sehemu za Usukuma zilizokuwa zimebanana, hasa chini ya Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947. Wengine walifuata kazi katika mgodi wa zamani wa Geita, ambao ulifungwa mwaka 1966.

Familia iliyohama namna hiyo huacha makaburi mahali pamoja, wazee mahali pengine, na karatasi mahali pa tatu. Mjukuu anayetaka kujua nasaba yake hawezi kutegemea simulizi pekee, kwa kuwa msimulizi aliyebaki Shinyanga hakuwajua waliozaliwa Geita, na wa Geita hawakuwajua waliozikwa Shinyanga. Ndipo mjukuu huyo anapogeukia kumbukumbu za maandishi: rejesta za kanisa, orodha za kodi, majalada ya mahakama na magazeti ya zamani.

Mhadhara huu unajadili namna ya kuzisoma kumbukumbu hizo. Hoja yake kuu ni kwamba hakuna hata moja kati yake iliyoandikwa ili kuhifadhi nasaba. Kila moja ilijibu swali la karani aliyekaa mezani siku ile, na karani huyo aliuliza na kuandika kwa lugha ambayo aghalabu haikuwa lugha ya nyumbani ya aliyeulizwa. Kwa hiyo, uchunguzi wa historia ya familia ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya historia.

2.0 Karani aliuliza nini?

Swali la kwanza lilihusu kodi. Utawala wa Kijerumani ulianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na utawala wa Kiingereza ukaiendeleza kwa sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa ya mwaka 1922. Orodha za kodi huwataja wanaume wazima. Mke hatajwi kwa jina lake; pale ambapo mume alikuwa na wake kadhaa, wake hao waliingia katika hesabu kama nyumba zilizozidi. Mtafiti anayemtafuta bibi yake katika orodha hiyo atamkuta amegeuka kuwa tarakimu.

Swali la pili lilihusu kazi. Kibarua wa mashambani au migodini alipewa kipande, na kila siku aliyofanya kazi ikatiwa alama. Kipande kilitaka jina la mtu, jina la baba yake, na pengine jina la mtemi wake. Hakikutaka jina la mama wala la mke.

Swali la tatu lilikuwa la kanisa. Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kama Mapadri Weupe, walifungua misheni ya Bukumbi, kusini mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1883, na kutoka huko kazi yao ikaenea Usukuma na Uzinza. Rejesta ya ubatizo iliandikwa kwa Kilatini. Ilitaja siku, jina jipya la mbatizwa, majina ya wazazi wote wawili na jina la msimamizi wa ubatizo. Zaidi ya hayo, sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza kwamba ndoa ya mbatizwa iandikwe katika pambizo ya kumbukumbu yake ya ubatizo, hata kama ndoa hiyo ilifungwa parokia nyingine. Pambizo hiyo ni hazina. Huweza kumwonyesha mtafiti kwamba msichana aliyebatizwa upande mmoja wa nchi aliolewa upande mwingine, jambo ambalo orodha ya kodi isingelisema kamwe.

Kwa upande wake, dola haikuuliza juu ya kuzaliwa. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ya mwaka 1920 haikuwalazimisha Waafrika kuandikisha watoto wao. Hii ndiyo sababu vyeti vya kuzaliwa vya wazee wengi vina tarehe za kukadiria, zilizopatikana kwa kurejelea matukio: vita vya 1914 hadi 1918, nzige wa miaka ya 1930, au uhuru wa mwaka 1961. Tarehe ya Januari mosi au Julai mosi inapojirudia kwa ndugu wanne wa tumbo moja, msomaji aelewe kwamba anatazama makadirio ya ofisini.

3.0 Jina lilivyobadilika njiani

Kisukuma humtambulisha mtu kwa neno ng'wana, yaani mtoto wa fulani. Kiswahili cha ofisi kiliandika bin na binti, hata kwa watu wasiokuwa Waislamu. Baadaye mahakama za Kiingereza zikatumia vifupisho vyao. Hivyo mtu mmoja anaweza kuwa ng'wana Mabula kwao, bin Mabula katika baraza la mtemi, na Yosefu katika rejesta ya misheni. Mtafiti asiyejua kwamba hao watatu ni mmoja atajenga ukoo wa watu watatu.

Matamshi nayo yaliacha alama. Sauti ng'w ya Kisukuma haimo katika orodha ya kawaida ya sauti za Kiswahili, na makarani wengi waliiandika mw. Mfano unaojulikana ni wa mganga mashuhuri wa Usukuma aliyefariki mwaka 1936. Kisukuma humwita Ng'wanamalundi, lakini katika maandishi mengi ya Kiswahili ni Mwanamalundi. Anayemtafuta chini ya herufi N hatampata chini ya herufi M, ingawa ni yule yule. Tena hilo si jina alilopewa alipozaliwa. Jina lake hutajwa kuwa Igulu. Hali kadhalika, nyaraka za Kijerumani huandika Muansa kwa Mwanza na Ussukuma kwa Usukuma. Atakayetafuta kwa tahajia ya leo peke yake atarudi mikono mitupu na kudhani kwamba nyaraka hazipo.

Hata hivyo, jina likisomwa kwa Kisukuma hutoa ushahidi ambao karani hakujua kwamba anauandika. Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ni mtoto anayefuata baada ya mapacha. Kwa hiyo Shija akionekana peke yake katika rejesta, msomaji ana sababu ya kuwatafuta wawili waliomtangulia, ambao pengine walifariki wachanga wasiandikwe popote. Kashinje alizaliwa kwa kutanguliza miguu. Mabula hudokeza mvua, na Nyanzala hudokeza njaa. Jina Nyanzala likiwekwa kando ya kumbukumbu za ukame zilizomo katika vitabu vya wilaya, laweza kuukaribia mwaka wa kuzaliwa kuliko tarehe ya cheti.

4.0 Magazeti

Rejesta hutoa jina, na gazeti mara nyingine hutoa sauti. Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa na serikali mjini Dar es Salaam mwaka 1923, lilipokea barua, mashairi na habari kutoka majimboni, na waandishi wake walizoea kutaja mahali walipo. Kwetu la Erica Fiah lilianza mwaka 1937. Kiongozi la Kanisa Katoliki lilianzia Tabora mwaka 1950, likasomwa sana katika kanda za magharibi na ziwa. Ngurumo lilifuata mwaka 1959 na Uhuru mwaka 1961. Walimu, makatekista na makarani ndio waliopata nafasi kubwa zaidi katika kurasa hizo. Mkulima na mchungaji wa ng'ombe walionekana kwa nadra.

Sehemu mbili za magazeti zina faida maalumu kwa nasaba. Ya kwanza ni tanzia na tangazo la shukrani. Humo familia hujiandika yenyewe, bila karani, na huwataja wajomba, mashangazi, wakwe na wajukuu pamoja na mahali wanapoishi. Tanzia moja yaweza kuunganisha Kalangalala, Kahama na Dar es Salaam katika aya moja. Ya pili ni matangazo ya kisheria, yakiwamo yale ya Gazeti la Serikali: mirathi, na hati za kubadili majina. Hati ya kubadili jina huyaweka majina mawili ya mtu mmoja katika sentensi moja, na kwa mtafiti hilo ni sawa na kupata daraja mahali palipokuwa na mto.

5.0 Upande wa kuumeni na wa kukeni

Imekwisha kuonekana kwamba karatasi nyingi zilimfuata baba. Je, ukoo nao ulimfuata baba siku zote? Hans Cory, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu kuhusu sheria na desturi za Wasukuma mwaka 1953, na karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maelezo yake yanaonyesha kwamba mahari ndiyo iliyoamua mtoto ni wa nani: ilipotolewa, mtoto alikuwa wa kuumeni, isipotolewa, alikuwa wa ukoo wa mama yake. Aidha, katika sehemu nyingi za Usukuma utemi uliwahi kurithiwa kwa kupitia upande wa kike kabla haujahamia kwa wana wa mtemi wakati wa ukoloni.

Basi neno bin lililoandikwa na karani laweza kuwa kweli kuhusu mzazi na lisiwe kweli kuhusu ukoo. Mtoto aliyelelewa na kurithi kwa wajomba zake aliandikwa kwa jina la mwanamume ambaye ukoo wake haukumtambua. Vizazi vitatu baadaye, mjukuu hulishika lile bin na kwenda kuwatafuta ndugu ambao hawana habari naye, huku akiwaacha wale waliomzika babu yake.

Jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Mwaka 1963 sheria za mila za makabila yanayofuata upande wa baba zilitangazwa kwa maandishi, na kanuni zake za mirathi zikamweka mjane nje ya urithi wa mumewe. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Mkoa wa Shinyanga walizipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo zinabagua, lakini haikuzifuta. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake iliamua kwamba haki za wajane hao zilikuwa zimekiukwa. Katika mji ambamo thamani ya kiwanja imepandishwa na dhahabu, anayeweza kuthibitisha kwa maandishi kwamba yeye ni nani kwa marehemu ana nguvu kuliko asiyeweza. Mara nyingi asiyeweza ni mwanamke, kwa sababu makarani wa vizazi vitatu hawakumuuliza jina.

6.0 Njia ya kufuata

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba mwanafunzi wa Kalangalala anamtafuta bibi yake mzaa baba, aliyeitwa Nyanzala. Hatua ya kwanza ni kuwauliza wazee majina yote aliyoitwa: la nyumbani, la ubatizo, la utani, na lile la mama wa fulani. Hatua ya pili ni parokia. Atafute jina la ubatizo, kisha asome pambizo. Hatua ya tatu ni msimamizi wa ubatizo, ambaye aghalabu alikuwa jirani au jamaa, na ambaye jina lake huonyesha kijiji. Hatua ya nne ni Nyaraka za Taifa, ambako majalada na vitabu vya wilaya vimehifadhiwa, na ambako sheria ya mwaka 2002 iliweka utaratibu wa wananchi kuzisoma nyaraka za zamani. Hapo akumbuke kwamba Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012. Nyaraka za awali zimo chini ya Mwanza, na za kabla ya uhuru chini ya Jimbo la Ziwa. Magazeti yafuate mwishoni, wakati tahajia zote za jina zimekwisha kujulikana.

Kila jina linakiliwe kama lilivyoandikwa, bila kusahihishwa. Kosa la karani ni ushahidi. Likirekebishwa katika daftari la mtafiti, ushahidi huo umepotea.

7.0 Hitimisho

Idara za Kiswahili zina kazi ya kufanya hapa. Kamusi ya majina ya watu wa Usukuma na Uzinza, pamoja na tahajia zake zote zilizowahi kutumika ofisini, ingewasaidia wanahistoria, mahakimu na familia kwa pamoja. Wanafunzi wanaotoka Geita na Shinyanga wana Kisukuma cha nyumbani na Kiswahili cha darasani, na ndio wenye uwezo wa kuisoma rejesta kwa masikio mawili. Waanze na bibi zao, wangali hai, na wawaulize lile swali ambalo karani aliliruka: jina lako nani, na mama yako aliitwa nani?