Wito wa Fundi Kioo

(Maneno haya yalisemwa na mwalimu wa darasa la vioo mbele ya wahitimu wa kituo cha ufundi, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani. Kamati imeona vema yachapwe kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika uwanjani.)



Kwanza kabisa naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Nawashukuru pia wazazi waliokubali watoto wao waje darasani, hata siku za foleni ya mgao ambapo kila mkono ulihitajika nyumbani.

Ndugu zangu, kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi na vijana, na mara nyingi zaidi na wazazi. Wanasema: “Mwalimu, huyu mtoto ajifunze kazi ya kioo ya nini, wakati hatujui kesho tutakuwa wapi? Mmoja anasubiri kurudi nyumbani, mwingine anasubiri kupelekwa nchi ya tatu. Nyumba zetu za tope hazina hata dirisha la kioo.” Swali hilo ni la haki. Leo nataka kulijibu kwa habari za mtu mmoja ambaye naye alikuwa mkimbizi.

Mtu huyo ni Marc Chagall. Alizaliwa mwaka 1887 katika mji wa Vitebsk, ambao leo uko Belarusi. Baba yake alikuwa kibarua katika ghala la samaki. Chagall akawa mchoraji, akahamia Ufaransa. Vita Kuu ya Pili ilipofika huko, maisha yake yakawa hatarini kwa sababu alikuwa Myahudi. Mwaka 1941 akakimbilia Marekani. Mwaka 1944 mke wake, Bella, akafa huko ugenini. Alirudi Ufaransa mwaka 1948, akiwa mtu wa miaka 61.

Wengi wetu tungesema: mzee huyu sasa apumzike. Lakini kazi ya vioo vya rangi ilikuwa bado haijamjia. Madirisha yake ya kwanza aliyafanya akiwa na umri wa karibu miaka 70, katika kanisa la Assy, milimani huko Ufaransa. Kisha akaitwa kwenye kanisa kuu la Metz. Mwaka 1962 yakazinduliwa madirisha yake 12 katika hospitali ya Hadassah mjini Yerusalemu, yakiwahusu wana 12 wa Yakobo. Vita vya mwaka 1967 vikaharibu baadhi ya madirisha hayo, naye akayatengeneza upya. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Sasa sikilizeni jambo linalotuhusu sisi hasa. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Bwana Dag Hammarskjöld, alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola, katika nchi inayoitwa sasa Zambia. Alikuwa safarini kutafuta usuluhishi wa vita vya Katanga, huko Kongo. Wenzake 15 waliokuwa naye katika ndege hiyo walikufa pia. Wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa walichanga fedha, na Chagall naye akatoa mchango wake, likatengenezwa dirisha kubwa la vioo vya rangi kwa ukumbusho wao. Lilizinduliwa mwaka 1964 katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa mjini New York. Basi aliyekuwa mkimbizi ndiye aliyewafanyia kumbukumbu watu waliokufa wakitafuta amani ya nchi yetu.

Katika habari hizi nayaona mafundisho matatu.

La kwanza, wito hauangalii umri. Tena haumjii mtu mikono mitupu. Humkuta akiwa kazini. Chagall alikuwa amechora miaka hamsini kabla ya kukutana na kioo. Kila ulichokwisha kujifunza, iwe kushona, kuchora au kujenga, siku moja kitakuwa mlango wa kingine.

La pili, kidole kimoja hakivunji chawa. Chagall hakuwa fundi wa kukata kioo. Alifanya kazi na Charles Marq na mkewe Brigitte Simon, katika karakana ya mji wa Reims ambayo ukoo wa Simon uliishika tangu mwaka 1640. Mafundi ndio waliochagua vioo na kuvikata. Chagall alikuja akapaka wino mweusi juu yake kwa brashi, kisha vioo vikachomwa katika tanuri ili wino ushike, ndipo mafundi wakaviunga kwa vipande vya risasi. Kijana asiyetaka kusahihishwa na mwenzake hataiweza kazi hii.

La tatu, kazi ya kioo inaweza kubeba upatanisho. Kuanzia mwaka 1978 mpaka alipofariki mwaka 1985, akiwa na umri wa miaka 97, Chagall alitengeneza madirisha ya kanisa la Mtakatifu Stefano mjini Mainz. Mainz iko Ujerumani, nchi ambayo majeshi yake ndiyo yaliyomkimbiza. Hakulazimishwa. Nasi humu kambini tunaishi na jirani ambao jana tuliwaogopa. Tulifikirie jambo hilo.

Kuhusu kioo chenyewe, msidhani ni kitu cha Wazungu peke yao. Rangi ya buluu iliyokolea hupatikana kwa kutia kobalti katika kioo kinachoyeyuka, na shaba huleta kijani. Ninyi mliotoka Katanga mnayafahamu madini hayo, ingawa wengi tumeyaona yakipakiwa katika malori tu. Na hapa jirani, Kitengela karibu na Nairobi, iko karakana iliyoanzishwa na msanii Nani Croze, ambapo vioo vilivyotupwa hugeuzwa kuwa bilauri na mapambo. Arusha pia, katika karakana ya Shanga, watu wenye ulemavu hutengeneza vyombo na shanga kutokana na chupa zilizotumika.

Sisi hatuna tanuri, wala siombi tuletewe. Kuyeyusha kioo kunataka joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, na mnajua kuni zilivyotugombanisha na wenyeji wetu. Njia yetu ni ya kupanga vipande katika saruji. Tunaokota chupa na vioo vya kujitazamia vilivyovunjika, tunaviosha, tunavifunga katika gunia na kuvigonga kwa nyundo. Kingo tunazisugua kwa jiwe ndani ya maji, maana vumbi la kioo likiingia mapafuni ni hatari. Kisha tunapanga sura tunayoitaka. Vipande hivyo hivyo ndivyo vinavyokata miguu ya watoto wetu kule shimo la takataka.

Kwa hiyo, ndugu Mwenyekiti na ndugu wa mashirika, ombi langu ni dogo: mifuko ya saruji, glovu ngumu, miwani ya kukinga macho, na ruhusa ya ukuta mmoja wa zahanati. Wahitimu hawa 11 watauremba, na shimo la takataka litapungua miba yake.

Nanyi wahitimu, mnaniuliza mtu atajuaje kama huu ndio wito wake. Mtazameni mtu kipande kinapomvunjikia. Yupo anayetupa na kwenda zake. Yupo anayeinama, akakigeuza, akatafuta mahali kitakapofaa. Huyu wa pili ameitwa, hata kama bado hajui. Na siku gari la kurudi nyumbani au la kwenda ng’ambo litakapofika, mzigo utapimwa kwa kilo, lakini ufundi ulio mikononi mwake hakuna mizani itakayoukataa.

Mungu awabariki, aibariki kambi yetu, na awalinde wenyeji wetu waliotupokea.