Wanne Waliouchukua Mkeka

Somo: Marko 2:1–12

 

Somo la leo mnalijua vizuri. Ni habari ya mtu mwenye kupooza huko Kapernaumu, aliyeletwa kwa Yesu na watu wanne. Walipozuiwa na umati walipanda juu, wakaitoboa dari, wakamteremsha pamoja na mkeka wake. Wahubiri hupenda kusema habari za dari, na habari za waandishi walionung'unika mioyoni mwao. Sisi leo tungependa kuwatazama wale wanne. Hatuambiwi majina yao, wala kama walikuwa ndugu zake au majirani tu. Tunaambiwa idadi yao na kazi yao: walimchukua.

Tumelichagua somo hili kwa sababu ya mambo yanayotokea kwetu. Wenyeji wa Suneka mnaijua ile barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori, jinsi ipitavyo sokoni, na jinsi bodaboda zinavyopenya kati ya malori na matatu. Mnazijua pia shamba zetu za mitelemko, na ile miparachichi mirefu ambayo vijana huipanda bila kamba wakati wa mavuno. Mbele zaidi, upande wa Tabaka, kuna machimbo ya yale mawe laini ya kuchongea sanamu, na kuta za machimbo huporomoka. Mtu huanguka, au hugongwa, naye hulala chini akisema, "Siisikii miguu yangu."

Hapo ndipo huruma yetu huleta madhara. Watu hukimbia kusaidia, mmoja akashika mikono, mwingine akashika miguu, wakamkunja kama gunia la ndizi na kumpakia juu ya pikipiki, katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia. Wanafanya hivyo kwa upendo. Lakini tujue jinsi Mungu alivyouumba mgongo. Ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, na chini yake ile mifupa ya nyonga iliyoungana. Katikati ya pingili hizo mna njia, na ndani ya njia hiyo umepita ugwe wa fahamu utokao kwenye ubongo, usiozidi unene wa kidole. Kwa ugwe huo mguu hupata amri ya kutembea, nacho kibofu hujua wakati wa kufunga na wakati wa kufungua. Mfupa uliovunjika unaweza kuwa bado haujaudhuru ugwe. Mkimkunja mgonjwa, mfupa ule huo huweza kuubana au kuukata.

Basi, ikiwa hakuna moto wala magari yanayomtishia, mwacheni alale kama alivyo mpaka mpate watu wa kutosha na kitu kigumu: mlango uliong'olewa, ubao mpana, au benchi ya kanisa. Msimkalishe. Msimpe chakula wala maji. Mmoja ashike kichwa chake, kikae sawa na mwili. Wengine wamgeuze kwa pamoja kama gogo, bila kupindika, waingize ubao chini yake, wamfunge vizuri, kisha gari litafutwe. Afadhali kuchelewa nusu saa mkingoja gari kuliko kufika upesi kwa pikipiki. Mtahesabu wenyewe kwamba wanne hawatoshi; tunahitaji wa tano wa kushika kichwa.

Tuje sasa kwenye upasuaji wenyewe, kwa maana hapa jamaa nyingi huumia kwa kutoelezwa. Mgonjwa hufikishwa Hospitali ya Rufaa ya Kisii, na wengine hupelekwa mbele, Eldoret au Nairobi, ambako iko hospitali ya serikali iliyowekwa mahsusi kwa ajili ya majeraha ya uti wa mgongo. Vitanda vyake ni vya kuhesabu, na kungoja ni sehemu ya safari. (Na tuseme hili kwa kupita: bima ya NHIF tuliyoizoea ilikoma mwaka 2024, na mahali pake ikaja SHA. Jiandikisheni mkiwa wazima.) Daktari mpasuaji hufanya nini? Huondoa vipande vya mfupa vinavyougandamiza ugwe, huzirudisha pingili mahali pake, kisha huzifunga kwa skrubu na vyuma ili zisicheze mpaka mfupa uungane. Ni kazi ya saa nyingi, nasi tunamshukuru Mungu kwa mikono hiyo.

Lakini upasuaji huo hauushoni ugwe uliokatika. Hakuna daktari duniani awezaye jambo hilo leo. Ugwe uliobanwa au kuvimba tu unaweza kuamka kidogo kidogo, kwa miezi, hata zaidi ya mwaka. Ule ulioharibika kabisa hauamki. Katika siku za kwanza mara nyingi daktari mwenyewe hawezi kusema ni upi. Familia isiyoambiwa haya huuza ng'ombe na kipande cha shamba, hulipa, humrudisha mtu wao nyumbani, na miguu ikiwa bado imekufa husema, "Tumedanganywa." Wengine huanza kumtafuta mchawi katika boma la jirani, na sisi wa nchi hii tunajua mambo hayo huishia wapi. Wengine, na hili ni baya zaidi kwa sababu husemwa kanisani, humwambia mgonjwa kwamba imani yake ni ndogo. Ndugu, yule wa Kapernaumu hakuulizwa habari ya imani yake hata kidogo. Yesu aliiona imani yao, yaani pamoja na hao waliomchukua.

Tusifikiri pia kwamba kila mgongo unahitaji kisu. Mama aliyebeba mikungu ya ndizi miaka ishirini, akaanza kusikia maumivu yakishuka toka kiunoni hata mguuni, kwa kawaida hupona kwa muda wa majuma kadhaa, kwa dawa za kutuliza na kwa kuendelea kutembea taratibu. Kulala kitandani mwezi mzima humdhoofisha. Lakini mkojo ukimtoka bila kujua au ukikataa kutoka, sehemu za siri zikifa ganzi, au miguu ikilegea, asingoje Jumapili aombewe kwanza. Aombewe ndani ya gari akienda hospitali.

Upo ugonjwa mwingine ambao umekaa kwetu muda mrefu, nao ni kifua kikuu cha mifupa ya mgongo. Wengi hudhani kifua kikuu ni kukohoa tu. Vijidudu vyake husafiri katika damu, hukaa ndani ya pingili na kuzila taratibu, mpaka mgongo hujikunja na kutokeza kibiongo. Daktari wa London, Percivall Pott, aliuandika ugonjwa huu mwaka 1779, lakini ni wa zamani kuliko yeye. Siku zilizopita wagonjwa walilazwa ndani ya plasta miezi na miezi. Kisha utafiti ulioanza miaka ya 1960 huko Korea, Hong Kong na Bulawayo ulionyesha kwamba walio wengi, wakimeza dawa sawasawa, hupona huku wakitembea, bila plasta na bila kupasuliwa. Kisu kimebaki kwa wale ambao miguu yao inalegea au kibiongo chao kinazidi. Dawa hizo hutolewa bure katika hospitali za serikali, nazo humezwa miezi mingi, hata mwaka. Mtoto akilalamika mgongo juma baada ya juma, akipungua uzito, akitokwa jasho la usiku, apelekwe sasa, mgongo ukiwa bado umenyooka.

Luka anatuambia habari ya mama mmoja aliyekuwa amepindika asiweze kujiinua kabisa, miaka kumi na minane. Hatusemi ugonjwa wake ulikuwa huu. Hatujui, wala si kazi yetu kumpima mtu wa Maandiko. Lakini tazameni alikuwa wapi: ndani ya sinagogi. Walikwisha kumzoea. Hata alipoponywa, mkuu wa sinagogi aliona kosa la siku tu. Katika makanisa yetu wamo waliozoeleka hivyo. Tunawasalimu kwa kuinama kidogo, kisha tunatoka nje.

Sasa tunafika mahali tunapotaka kukaa. Kabla ya vita kuu ya pili, mtu aliyevunjika mgongo akapooza alihesabiwa kuwa mfu. Wengi hawakumaliza miaka miwili. Hawakuuawa na mgongo. Waliuawa na vidonda vya kulalia na uchafu wa mkojo uliopanda kwenye figo. Mwaka 1944 daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani, jina lake Ludwig Guttmann, alipewa wodi ya askari wa namna hii huko Stoke Mandeville, Uingereza. Silaha yake kubwa haikuwa kisu. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ngozi ikauke, kibofu kitunzwe, na mtu apewe kazi ya mikono. Mwaka 1948 aliwashindanisha kwa upinde na mishale wakiwa katika viti vyao, na kutoka hapo yakazaliwa mashindano ya Paralimpiki.

Kila saa mbili, ndugu. Hiyo ni mara kumi na mbili kwa siku. Katika nyumba moja si mbali na Suneka, kijana alirudishwa kutoka hospitali baada ya kupasuliwa. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye mparachichi. Wazee wa kanisa walikwenda wakaimba, wakaomba, wakaacha sukari na sabuni. Walipokuwa wakisimama kuaga, mke wake akasema, "Wazee wangu, maombi nimeyapokea. Sasa niambieni, saa nane za usiku nani atanisaidia kumgeuza?"

Pakawa kimya. Kisha mzee mmoja akaomba daftari la mtoto wa shule, akaketi tena, akaandika majina. Siku ile waliandikwa kumi na wanne. Baada ya miezi miwili walibaki sita, na sita walitosha. Walifundishwa na nasi wa zahanati namna ya kumgeuza bila kumpinda, kukagua mgongo, visigino na nyonga kwa tochi, na kuangalia wekundu usiofifia. Walijifunza kutomweka karibu na jiko, kwa maana mguu usiosikia huungua kimya. Mama mzazi, ambaye mwanzoni alilia tu, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote juu ya maji: mwanawe anywe maji ya kutosha, na ule mpira wa mkojo ushikwe kwa mikono iliyooshwa. Miguu ya kijana huyo haijarudi. Lakini hana kidonda, na sasa hukaa kibarazani akitengeneza simu za watu, akijiinua kwa mikono kila baada ya robo saa ili damu ipite. Mke wake hulala usiku.

Tumeona nyumba nyingine ambako siku ya harambee watu walijaa uani, na mwezi wa tatu njia ya kwenda mlangoni ilikuwa imeota nyasi. Mke alibaki peke yake na mwanamume mzito. Kidonda kilianza kama sarafu. Hatutasema zaidi, ila kwamba pale mazishini pia watu walijaa uani.

Kwa hiyo mnapopata habari kwamba mtu wa kanisa lenu anaruhusiwa, msingoje afike. Tumeni watu waitazame nyumba. Je, mlango unapitisha kiti cha magurudumu? Choo cha shimo hakimfai. Seremala atengeneze kiti chenye tundu. Godoro liwe nene, shuka isiwe na mikunjo. Udongo wetu mwekundu ukinyeshewa hauendeki kwa magurudumu, basi njia imwagwe changarawe, na mtelemko uchongwe ukate kwa upande. Yakaguliwe na madaraja ya mlango wa kanisa, kwa sababu siku moja atataka kuja, na si vema abebwe mgongoni mbele ya watoto wake. Daftari la zamu liandikwe majina pamoja na saa. Na mke wake aulizwe faraghani, na mama mwenzake, yeye anahitaji nini.

Akiruhusiwa siku ya Ijumaa, njia hiyo na iwe imemalizwa Alhamisi.