Mchezo wa Kinjeketile Jukwaani

Leo nataka kuwasimulia habari za mchezo wa kuigiza uitwao Kinjeketile, ambao wengi wenu mmeusoma shuleni, lakini wachache mmeuona ukichezwa. Mimi nami nilikuwa katika hao wengi.

Mtungaji wake ni Bwana Ebrahim Hussein, mtu wa pwani ya kusini. Ulichezwa mara ya kwanza mwaka 1969 chuoni Dar es Salaam, ukapigwa chapa mwaka ule ule, na mwaka 1970 mwenyewe akautoa kwa Kiingereza. Asili yake ni Vita vya Maji Maji, 1905 hata 1907. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aligawa dawa iliyosadikiwa kwamba itageuza risasi za Wadachi kuwa maji, naye akanyongwa mwezi wa Agosti 1905, vita vikiwa vingali vichanga. Walakini Bwana Hussein alionya kwamba mtu wake wa jukwaani si yule wa historia, bali ni kiumbe cha fikira zake.

Vita vile havikufika kwetu, nchi ya Waha. Ndiyo sababu pale Busunzu tuliona kuwa ni habari ya watu wa mbali, ya kukariri kwa ajili ya mtihani, mpaka jioni moja tulipoucheza mchezo uwanjani mbele ya wazazi. Mto wetu ulikuwa vitenge viwili vilivyoshikwa na wasichana. Kinjeketile akavutwa humo, akatoweka, kisha akatoka mkavu. Wazee walicheka kidogo, kisha wakanyamaza.

Penye uzito ni mbele zaidi. Kinjeketile agundua kwamba maneno yaliyomtoka alipopagawa yaliwaahidi watu kuwa chini ya Seyyid Said, yaani kumtoa bwana mmoja na kumpokea mwingine. Lakini watu wamekwisha kuungana, na neno halimo tena mikononi mwake. Mwishoni, akiwa kifungoni pamoja na Kitunda, atakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Akataa, kwa kuwa adui atasema kuwa hata kupigania nchi ni uongo.

Kitabuni, kukataa huko ni mistari michache tu. Uwanjani mwenzetu alisimama kimya, mikono nyuma, Kitunda akimsihi, nasi tukasahau kwamba ni mtoto wa jirani. Mara mzee mmoja akainuka, akasema, "Mwanangu, waambie kweli! Watu wamekufa kwa ajili yako." Mwingine akamjibu, "Ndugu yangu, akisema hivyo, hao waliokufa watakuwa wamekufa bure."

Mchezo ukasimama. Mwalimu hakuwazuia, nami nadhani alifanya vema, maana mchezo wenyewe hauwapi watazamaji hukumu iliyokwisha kukatwa.

Basi, ninyi mnaotaka kuucheza, msihangaike mno na mavazi wala bunduki za mti. Lifanyieni mazoezi lile onyesho la kifungoni, na achezaye Kinjeketile asiharakishe kujibu. Wale wazee wawili walishika njia moja kurudi nyumbani usiku ule, nasi tuliowafuata na taa tukawasikia wakibishana mpaka njia panda.