Ngozi ya Mtoto Anayetaka Kuwa Piloti wa Jeshi

Leo hatutasema juu ya uji wala sindano. Mama mmoja aliuliza hapa kliniki: "Mama munganga, mutoto yangu anataka kuwa piloti ya jeshi, lakini iko na bile bintu ya kuwasha ku mikono. Batamukubali?" Wengine walicheka. Lakini swali lake ni zuri, na tutalijibu.

Kabla kijana hajakubaliwa kurusha ndege za jeshi, waganga wanampima mwili wote: macho, masikio, moyo, na ngozi vilevile. Sababu gani ngozi? Ni juu ya kazi yenyewe. Ukipita meta 3,000 hivi, hewa inakuwa nyembamba na ubongo unapungukiwa na oksijeni. Basi piloti wa ndege ya vita anavaa maski yenye kubana pua na kinywa, kofia ngumu kichwani, na mikanda yenye kumfunga mabega na mapaja. Mule ndani anatoka jasho. Ngozi yenye egzema ikisuguliwa na kulowa jasho inawasha zaidi. Psoriazisi, ule ugonjwa wa magamba meupe, unaweza kutokea palepale mkanda unaposugua. Na piloti hawezi kuachilia ndege ili ajikune!

Tena kuna dawa. Vidonge vingi vya kuzuia mwasho, zaidi vile vya zamani, vinaleta usingizi. Mwenye kusinzia hapewi ndege.

Jambo lingine linatugusa sisi watu wenye nywele za kujisokota. Maski inataka uso ulionyolewa, hewa isipite kando. Lakini ndevu za namna yetu, zikinyolewa chini sana, ncha zake zinaweza kurudi ndani ya ngozi na kuleta vipele. Katika jeshi la Marekani jambo hili linasumbua zaidi askari weusi. Mwenye kijana mkubwa amwambie asipitishe wembe kinyume cha nywele.

Lakini musikate tamaa. Si kila alama inafunga mlango. Sheria za jeshi la Marekani za kuchagua askari zinataja egzema na psoriazisi kwa jina, lakini waganga wanauliza: Ni kali? Inarudi-rudi? Inataka dawa gani? Kila nchi iko na sheria yake, na waganga wa jeshi ndio wanaokata neno. Egzema ya utoto, kwa watoto wengi, inapungua au inaisha wakikua. Upele na choa vinapona kabisa. Mwenye upele, watu wote wa nyumba wapakwe dawa siku moja, na nguo zao na mashuka yafuliwe siku ileile, ama sivyo utarudi.

Doa lisilosikia ukiligusa ni jambo lingine: lileteni upesi, inaweza kuwa ukoma. Dawa zake zinatolewa bure kupitia OMS tangu 1995, na aliyeanza mapema anaponea vidole vyake. Na ninyi wa karibu na mito yenye maji ya mbio, kuna mwasho unaoletwa na vile vidudu vyeusi vinavyouma mtoni. Ugonjwa ule unaanza na ngozi, unamaliza na macho. Wakipita wanaogawa Mectizan, musijifiche. Watawaambia wenyewe nani asimeze.

Sasa nitasema wazi. Kwa mimi, ngozi nyingi zinaharibika nyumbani. Mama anapakaza unga wa pile juu ya choa. Mwingine anabandika majani yenye kuchoma, na mtoto anabaki na kovu linalovuta shingo. Kovu la namna ile linaweza kumzuia kijana kuliko egzema yenyewe. Na yale mafuta ya soko ya kufanya mtu mweupe! Mengine yako na zebaki, ambayo inaharibu figo. Mengine yako na klobetazoli: doa linafifia, mama anafurahi, kumbe ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi na choa inatambaa chini yake. Kupakaza mafuta hayo ili munganga wa jeshi asione kitu ni kumdanganya munganga, na ni kumtuma mtoto wako juu angani na ugonjwa uliofichwa.

Munajua habari za Naamani. Alikuwa jemadari wa jeshi la Shamu, na ngozi yake ilikuwa na ukoma. Aliyemfungulia njia ya kupona ni kajakazi kadogo katika nyumba yake, sababu kalisema.

Kwa mtoto mwenye egzema fanyeni hivi: aoge kwa maji ya vuguvugu, si ya moto, sabuni kidogo, isiyo ya harufu kali, apakwe vazelini mara moja ngozi ikiwa bado na unyevu, kucha zikatwe fupi. Ikitoa maji au usaha, musingoje siku ya kliniki. Njooni na kadi yake, na kile kikopo cha mafuta munachompakaza, hata kama munaona haya kukionyesha.