Je, Maji ya Mabati Yetu ni Salama?

*Mazungumzo na vikundi vya maji na vya akina mama, Plateau*

 

Nimeombwa niseme juu ya maji ya mvua. Kikundi kimoja kimeuliza hivi: kwa vile Eldoret kuna viwanda na moshi tunauona, je, maji tunayokinga kwa mabati yafaa kunywewa, ama pesa za matangi tulizochanga zimepotea? Hapo kuna jasho la watu, kwa hivyo nitajibu polepole.

Kwanza, hakuna mvua isiyo na asidi hata kidogo. Tone likishuka hushika hewa ya ukaa, ile tunayoitoa puani, na maji yanakuwa na ukali kidogo. Wataalamu hutumia kipimo kiitwacho pH. Saba ni katikati. Chini ya saba ni asidi, na kila hatua moja ukishuka, ukali huongezeka mara kumi. Mvua safi ni karibu 5.6. Mursik ni karibu 4, na maji ya ndimu karibu 2. Basi mtu asiwatishe kwamba mvua yenye asidi itawachoma tumbo. Mursik mmekunywa tangu utoto na mko hapa!

Moshi wa viwanda unaongeza nini? Mafuta mazito na makaa ya mawe yana salfa. Ikiungua hupanda kama gesi, ikikutana na unyevu wa mawingu hugeuka asidi kali. Injini za magari nazo hutoa gesi za nitrojeni ambazo hufanya vivyo hivyo. (Radi pia hutengeneza nitrojeni ya namna hiyo, na hiyo hulisha majani ya ng'ombe wenu bure.) Mskoti mmoja, Robert Angus Smith, alipima mvua ya mji wa viwanda wa Manchester, akaandika habari hizi mwaka 1852. Kwa hivyo si jambo geni.

Hapa kwetu tutazame Webuye. Kiwanda cha karatasi cha PanPaper kilianza kazi mwaka 1974, kikafungwa 2009. Kwa miaka mingi wakazi walilalamika juu ya harufu kama ya yai bovu, na kwamba mabati yao yanaliwa na kutu upesi. Bati limepakwa zinki ili lisishike kutu. Asidi hula zinki ile kwanza, kisha chuma kinabaki uchi. Na zinki iliyoliwa inaenda wapi? Inateremka na mfereji hadi kwa tangi. Hapo ndipo penye shida: si asidi yenyewe, ni kile inachokokota kutoka kwa paa.

Pia kuna kinachoshuka bila mvua. Miezi ya kiangazi vumbi, masizi na majivu hutua juu ya paa kimya kimya, siku baada ya siku. Mvua ya kwanza ikinyesha, yote huoshwa kwa saa moja. Huko Mombasa, kijiji cha Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofungwa mwaka 2014. Madini ya risasi yaliingia katika udongo na katika damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Risasi haina harufu wala ladha, na ukichemsha maji haitoki. Kuchemsha kunaua vijidudu tu.

Sasa turudi Plateau. Simama nje asubuhi na jioni, utazame moshi unaelekea wapi. Kiwanda kilicho mbali, upepo ukikipa mgongo, hakikudhuru sana. Mimi naogopa zaidi moshi wa karibu. Zile nguzo za stima zenye rangi ya kijani zimetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Nimeona mabaki yake yakipikiwa chai! Moshi unatua juu ya paa, majivu yanamwagwa kwa sukuma wiki. Tafadhali, mbao hizo ni za ua tu, kamwe si kuni. Betri na plastiki vivyo hivyo, zisichomwe karibu na nyumba.

Kwa tangi, jambo kubwa ni kumwaga maji ya kwanza. Paa la mita 5 kwa 6 ni mita za mraba 30. Mvua ya milimita moja hapo ni lita 30. Mwaga milimita mbili za kwanza, yaani lita 60, mitungi mitatu ya lita ishirini. Inauma, najua, hasa baada ya kiangazi. Lakini milimita 1,000 kwa mwaka zingeleta lita 30,000 kwa paa hilo, kwa hivyo mitungi mitatu si hasara. Geuza bomba la mfereji pembeni, kisha ulirudishe. Tangi la saruji lina faida yake: chokaa iliyomo hupunguza asidi. Paa lenye kutu nyingi, rangi ya zamani inayobanduka au misumari ya kichwa cha risasi, maji yake yawe ya kufua na ya mifugo hadi paa libadilishwe.

Mama mmoja ameuliza kama mvua ndiyo imetia asidi shamba lake la mahindi. Mama, usilaumu mvua sana. Mbolea ya DAP tuliyoitia miaka nenda miaka rudi ina sehemu kubwa. Pima udongo kwanza, ndipo ununue chokaa.

Kila kikundi kilete chupa mbili safi zenye kifuniko: moja ya mvua iliyokingwa wazi kwa sufuria mbali na miti, nyingine ya paa, mvua hiyo hiyo. Andika tarehe juu yake. Karatasi za kupimia pH zipo katika maabara za shule za sekondari, na walimu wa kemia wakiombwa vizuri hawakatai. Tukiona tofauti kubwa kati ya chupa hizo mbili, tutajua tutengeneze paa la nani kwanza.