Kufyeka Pori kwa Mashine: Viwanja vya Nakivale na Malisho ya Mbarara

Mashine ya kufyekea pori ambayo mwendeshaji hutembea nyuma yake ni injini ya petroli iliyokaa juu ya magurudumu, na chini ya mfuniko wake wa chuma hufungwa kisu kimoja kizito kinachozunguka kama pangaboi. Injini ndiyo inayoyasukuma magurudumu. Mwendeshaji hushika mpini, huielekeza mashine, na akiachia klachi kisu husimama. Mashine ya kawaida hufyeka upana wa sentimita 65 hivi, hulaza majani yaliyofika kiunoni na kukata miche yenye unene wa sentimita 3 au 4. Mizizi haiigusi.

Katika ardhi ya Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda, mizizi ndiyo tatizo. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Isingiro, yako kwenye nyika ambayo imefyekwa zaidi ya mara moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 mbung'o walienea huko na kuwafukuza wafugaji; katika miaka ya 1950 na 1960 serikali ilikata vichaka na kuua wanyamapori ili kuwaondoa wadudu hao. Vichaka vilirudi. Leo mkulima wa Nakivale na mfugaji wa Mbarara hupambana na mimea ileile mitatu: omutete, nyasi ngumu ambazo ng'ombe hawazili zikishakomaa; lantana, ambayo majani yake huharibu ini la ng'ombe; na migunga midogo yenye miiba. Yote huchipua tena ikikatwa juu tu.

Kabla mashine haijawashwa, kiwanja chote hupitiwa kwa miguu, panga mkononi. Hatua hii watu wengi huiruka, na hapo ndipo mashine nyingi huharibika. Ndani ya majani marefu hujificha mawe, visiki vya zamani, vipande vya waya na, zaidi ya vyote, vichuguu. Kichuguu kilichokauka ni kigumu kama tofali la kuchoma. Kisu kikikigonga kwa kasi, mhimili wake hupinda. Kila kizuizi huchomekewa kijiti kilichofungwa kitambaa chekundu, na majani yanayokizunguka hukatwa kwa mkono. Miti minene hutangulia kukatwa kwa panga na kuwekwa kando, kwa sababu Nakivale kuni ni mali, na mti uliosagwa na mashine haupiki chakula.

Kazi huanzia ukingoni na kuingia ndani, mashine ikienda polepole kwa gia ndogo, kila mstari ukiukanyaga kidogo mstari uliotangulia. Palipoota sana hupitiwa mara mbili: kwanza mfuniko ukiwa juu, kisha ukishushwa. Kwenye mteremko mwendeshaji hukingama mlima, asipande wala kushuka nao, ili akiteleza mguu wake usiingie chini ya kisu. Mlima mkali huachiwa panga, kwa sababu injini ikilala upande, oili huacha kufika inakotakiwa. Watoto hukaa mbali mita 30 au zaidi, maana jiwe likirushwa na kisu huruka kama risasi. Viatu vigumu na miwani si mapambo.

Kiangazi cha Juni hadi Agosti kina hatari yake. Majani makavu hujikusanya karibu na ekzosi, na hapo moto huanza bila mtu kuuona. Mwendeshaji husimama kila baada ya muda, huzima injini, huyaondoa kwa kijiti na kukung'uta kichujio cha hewa. Petroli huongezwa injini ikishapoa. Miiba ya migunga nayo hutoboa tairi, kwa hiyo viraka na pampu hubebwa pamoja na mkanda na kisu cha akiba. Anayenunua mashine Mbarara aulize kwanza kama vipuri hivyo vinapatikana mjini. Mkanda ukikatika katikati ya msimu, bei nafuu ya mashine haimsaidii kitu.

Hesabu ya umbali huonyesha mashine inamfaa nani. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kwa upana wa sentimita 65, mwendeshaji hutembea zaidi ya kilomita 6 kuimaliza. Kiwanja cha mita 30 kwa 30 kinahitaji kama kilomita 1.4, yaani kazi ya sehemu ya asubuhi. Mkimbizi aliyepewa kiwanja cha aina hiyo akitumie, bila kukimiliki, hana sababu ya kununua mashine peke yake. Kikundi cha majirani ambao viwanja vyao vimepakana kinaweza kuikodi kwa siku moja na kugawana petroli. Kwa mfugaji mwenye ekari nyingi za malisho mambo ni tofauti, hasa akiufyeka omutete kabla haujatoa mbegu.

Majani yaliyokatwa huachwa yatande juu ya udongo, yakiwa hayana mbegu. Lantana na mashina ya omutete hung'olewa kwa jembe mvua za Machi au Septemba zikishalainisha ardhi, na wiki chache baadaye machipukizi yaliyosalia hufuatwa moja moja. Mahindi au maharage hupandwa baada ya hapo.