Lemera: hospitali tuliyoikimbia, na deni tulilorudi nalo
(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Kasenga)



Leo tunakumbusha hospitali ya Lemera, kule milimani juu ya bonde la Ruzizi, kazi ya wamisionari wa Kipentekoste. Docta Denis Mukwege alianza kazi pale mwaka 1983. Aliona wamama wanafika wamechelewa, wengine wanakufa na mtoto tumboni. Ndiyo sababu alienda Ufaransa kusomea uzazi, kisha mwaka 1989 akarudi palepale Lemera.

Tarehe 6 Oktoba 1996 vita iliingia hospitalini. Watu zaidi ya 30 waliuawa, wagonjwa walikuwa vitandani, na wauguzi pia. Muda kidogo baadaye wengi wetu tukavuka ziwa, mkeka kichwani. Docta alipona. Mwaka 1999 akaanzisha Panzi kule Bukavu, na mwaka 2018 akapewa Nobel ya amani.

Panzi wote munaijua. Lakini mbegu ilipandwa Lemera, na swali lake liko bado hapa kwetu Kasenga: mama akishikwa na uchungu usiku, nani atamufikisha kwa muganga kabla hajachelewa?

Tulirudi, nyumba tukajenga. Sasa tunaomba kila mwanachama aweke kitu kidogo katika mfuko wa usafiri wa wagonjwa. Tusingoje mama afe ndiyo tuchange pesa ya sanduku.